Kwaresima Huanzia kwa Jirani



Katika majuma machache yanayotangulia Jumatano ya Majivu, mtu anayepita Jumamosi alasiri katika mitaa ya Sinza, Tandika, Mbagala au Kimara hakosi kukutana na matarumbeta. Gari la wazi lililobeba wapigaji linatangulia, gari la maharusi linafuata, na nyuma yake wapambe wanapunga vitambaa madirishani. Sababu inajulikana. Kwaresima ikishaingia, parokia nyingi hazifungishi ndoa za shamrashamra mpaka Pasaka ipite, kwa hiyo kila aliye tayari hukimbilia kupata nafasi kabla ya majivu. Kamati za harusi hukutana karibu kila jioni, kadi za michango hugawiwa, na ahadi hudaiwa kwa simu hata usiku. Na haya hutokea wakati ambapo Januari imekwisha kukausha mifuko kwa ada na sare za shule.

Katika majuma hayo hayo kuna jambo jingine linalopita kimya kimya. Viongozi wa jumuiya huwakumbusha wenzao walete matawi ya mwaka uliopita, yale waliyoyabeba Jumapili ya Matawi na kuyachomeka juu ya mlango au nyuma ya msalaba ukutani. Sasa yamekauka na kuingia vumbi. Yatachomwa, na majivu yake ndiyo watakayopakwa waumini kwenye paji la uso. Kwa hiyo majivu ya parokia hutoka majumbani mwa watu. Tawi la mwenye ghorofa na tawi la aliyepanga chumba kimoja huungua pamoja, na yakishaungua hakuna awezaye kusema hili lilikuwa la nani.

Leo napenda tuitazame historia iliyo nyuma ya majivu hayo. Watu wa makabila mbalimbali, waliokuja Dar es Salaam kila mmoja kwa njia yake, walipataje kuwa parokia moja? Na je, kile kilichowaunganisha bado kipo?

Tuanze na maneno yenyewe. Kwaresima ni neno lenye asili ya Kilatini, na linatokana na hesabu ya arobaini, kwa kukumbuka siku ambazo Yesu alifunga jangwani. Mswahili hahitaji kufundishwa uzito wa hesabu hiyo. Tunayo arobaini ya marehemu, tunayo arobaini ya mzazi aliyejifungua, na mwizi naye tumempa siku zake arobaini. Hata ile pilikapilika ya kula na kufurahi kabla ya mfungo si ngeni kwetu. Waislamu wa Pwani wana siku zao za kuvunja jungu mwishoni mwa Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Wakatoliki wa Brazil na wa baadhi ya miji ya Ulaya wana sherehe za barabarani zinazokoma siku ya kuamkia Jumatano ya Majivu. Mkristo wa Dar es Salaam hana sherehe ya namna hiyo. Yeye jungu lake hulivunjia harusini.

Sasa tugeukie historia. Ukatoliki wa pembezoni mwa jiji hili una mizizi yake katika vilima vya Pugu. Mwaka 1888 wamisionari Wabenedikto kutoka Ujerumani walifungua misheni yao pale. Wakati huo huo kampuni ya Wajerumani ilikuwa inatwaa miji ya Pwani iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na watu wa Pwani wakainuka na Abushiri bin Salim kuipinga. Januari 1889 misheni ya Pugu ilivamiwa, majengo yakaharibiwa na baadhi ya wamisionari wakauawa. Leo Pugu ni mahali pa hija, na mahujaji wanaopanda pale huwaombea waliokufa. Lakini mwanafunzi wa historia huona jambo jingine pia. Misheni ile ilikuwa imefika katika nchi iliyokwisha kuwaka moto, ikitoka katika taifa lile lile lililouwasha. Ilikuwa na nyumba na kengele. Muda wa kuwa jirani haikuwa imeupata.

Wamisionari walirudi wakajenga upya, safari hii mjini. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lililokamilika mwaka 1902 likasimama mbele ya bandari, na Walutheri nao, ambao mmisionari wao Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, wakajenga lao ufukweni hapo hapo. Mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi wakapokea kazi upande wa Wakatoliki. Mwaka 1953 Dar es Salaam ikafanywa jimbo kuu, chini ya Mkapuchini Edgar Maranta. Hata hivyo makanisa hayo makubwa yaliutazama mji wa Wazungu na maofisi. Mkristo wa kawaida alikuwa akihamia upande mwingine kabisa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mji ulianza kufurika. Hesabu ya mwaka 1948 ilikuta watu wapatao 69,000. Ile ya 1957 ikakuta zaidi ya 128,000. Serikali ya kikoloni ilipima mitaa ya Waafrika Magomeni, Temeke na Kinondoni, na humo wakaja Wachaga, Wahaya, Wanyakyusa, Waluguru na wengine wengi. Wakristo miongoni mwao walikuwa wageni mara mbili. Walikuwa wageni wa mji, tena walikuwa wageni kati ya wenyeji, Wazaramo na Washomvi, ambao walikuwa Waislamu na waliokwisha kuwa na misikiti yao, mashehe wao na taratibu zao za harusi na maziko.

Mgeni wa mji hupata chakula, hata kama ni cha kubahatisha. Swali linalomkosesha usingizi ni nani atakayemzika. Katika miaka ile jibu lilikuwa chama cha kabila. Watu wa wilaya moja walichanga, walitembeleana hospitali, na mwenzao alipofariki walimzika au kumsafirisha kwao. Vyama hivyo viliwaokoa wengi na hatuna haki ya kuvibeza. Lakini vilikuwa na kasoro moja. Mwanachama mwenzako angeweza kukaa Ilala nawe unakaa Temeke, na usiku wa manane unapougua, anayesikia mlio wako ni yule mliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja. Yeye si wa kabila lako, pengine hata si wa dini yako.

Baada ya uhuru mambo mawili yalikuja karibu pamoja. Kwanza, chama cha TANU kilipanga nchi nzima kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake, na siasa ya ukabila ikakosa nafasi hadharani. Pili, mji uliendelea kutanuka. Mwaka 1967 ulikuwa na watu zaidi ya 270,000. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na makazi yaliyojengwa bila mpango ya Manzese, Mtoni na Tandika yakapelekewa barabara na maji. Kanisa likajikuta na waumini maelfu kwa maelfu mahali ambapo halikuwa na jengo, na penye jengo mapadre walikuwa wawili au watatu. Padre wa namna hiyo, hata akiwa na miguu ya chuma, hawezi kumjua kila mgonjwa kwa jina.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kwa maana ya Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Zambia, waliliona tatizo hilo. Walikutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, wakaamua kwamba Kanisa lijengwe kuanzia chini, katika jumuiya ndogo ndogo za watu wanaokaa jirani. Wenzao wa Kongo walikuwa wamekwisha kuelekea huko tangu mwaka 1961. Kwa Dar es Salaam uamuzi huo ulitekelezwa chini ya Kardinali Laurean Rugambwa, mwana wa Bukoba, kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu, aliyeliongoza jimbo kuu hili tangu mwisho wa 1968 hadi 1992.

Msikilizaji atakuwa ameona mwenyewe jinsi jumuiya na nyumba kumi zinavyofanana. Zote mbili huhesabu watu kwa milango yao, na kwa Mtanzania wa miaka ile haikuwa lazima kumweleza sana. Tofauti ikaja kuonekana baadaye. Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, balozi wa nyumba kumi alibaki kuwa mtu wa chama chake, na shughuli za serikali zikahamia kwenye mtaa. Jumuiya zikaendelea. Zilikuwa zimezoea kukutana bila kuitwa na serikali.

Na zinakutanaje? Katika sehemu nyingi za jiji ni Jumamosi alfajiri, kabla jua halijapanda na kabla daladala hazijajaa. Huzunguka nyumba kwa nyumba. Chumba kikiwa kidogo, mkeka hutandikwa uani, na mabenchi huazimwa kwa jirani, ambaye mara nyingi ni Mwislamu na hayatoi kwa kinyongo. Husomwa Injili ya Jumapili inayofuata, kila mwenye neno anasema, sadaka inakusanywa, kisha wanaulizana: nani hatumwoni? Swali hilo la mwisho ndilo linaloitofautisha jumuiya na mkutano mwingine wowote. Jumuiya kadhaa zikiungana hufanya kanda, kanda hufanya kigango, na vigango hufanya parokia. Na ukichunguza utaona kwamba wanaoibeba kazi hii kwa sehemu kubwa ni akina mama, ambao chama chao cha WAWATA kilianzishwa mwaka 1972.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 Dar es Salaam ilikuwa inazika vijana kila juma. Wagonjwa walifichwa vyumba vya nyuma. Ndugu waliogopa kugusa shuka. Mwaka 1992 huduma ya jimbo kuu iitwayo PASADA ilianza kazi Chang'ombe, wilayani Temeke. Ilikuja kutegemea sana watu wa kujitolea waliokwenda kuwaosha, kuwalisha na kukaa na wagonjwa majumbani, Wakristo kwa Waislamu, bila kuulizana dini. Kumbukeni kwamba dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kwa miaka yote ya kabla ya hapo, dawa iliyopatikana kwa maskini ilikuwa mtu wa kukaa naye. Wale waliofanya kazi hiyo hawakuandikwa magazetini, na wengi wamekwisha kufa. Lakini waliipa parokia haki ya kujiita familia, miaka michache kabla maaskofu wa Afrika hawajakutana Roma mwaka 1994 na kulichagua neno hilo hilo, familia ya Mungu, kuwa sura ya Kanisa barani humu.

Hata hivyo tusijipake mafuta. Historia ya mitaa hii ina jeraha pia. Katika miaka ile ile mihadhara ya Waislamu na mikutano ya Injili ya Wakristo ilipambana kwa vipaza sauti, kila upande ukisoma kitabu cha mwenzake ili kumshinda. Aprili 1993, siku ya Ijumaa Kuu, mabucha ya nyama ya nguruwe yalivamiwa na kuvunjwa jijini. Kisha ikaja Mwembechai. Tarehe 13 Februari 1998, siku ya Ijumaa, baada ya malalamiko ya Wakristo kuhusu mihadhara na kukamatwa kwa wahubiri wa Kiislamu, polisi walifyatua risasi karibu na msikiti wa Mwembechai, Magomeni, na watu wakauawa. Mwaka huo Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 25 Februari. Zilikuwa zimepita siku 12 tu.

Fikiria mwenyewe parokia za Magomeni, Manzese na Mburahati katika siku zile 12. Muumini anabeba tawi lake kavu kulipeleka kanisani, na mlango wa pili kuna tanga. Afanye nini? Apite haraka akiinamisha kichwa? Wapo waliofanya hivyo, kwa hofu. Wapo walioingia wakaketi mkekani, kwa sababu kabla ya yote hayo walikuwa wamekwisha kuazimana chumvi na kulea watoto pamoja. Hao wa pili ndio waliotuvusha. Mahakama, tume na matamko ya viongozi vina kazi yake, lakini vyote hivyo haviwezi kumfundisha mtu kubisha hodi.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa kalenda ya ukutani, ndiyo maana kila baada ya miaka thelathini na kitu Ramadhani na Kwaresima hukutana. Mwaka 1995 Jumatano ya Majivu na Idi el Fitri ziliangukia juma moja. Mwaka 2025 mifungo yote miwili ilianza mwanzoni mwa Machi, siku chache tu zikiwa katikati. Ni kana kwamba kalenda yenyewe hutukumbusha kila kizazi kwamba uani mwetu tunafunga wote.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika. Sensa ya mwaka 1988 ilikuta watu zaidi ya milioni 1.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 imekuta zaidi ya milioni 5.3. Kinondoni na Temeke za zamani zimekuwa kubwa kiasi cha kugawanywa na kuzaa Ubungo na Kigamboni. Parokia zimeongezeka, makanisa ya ghorofa yamejengwa, na fedha za ujenzi zimekusanywa kwa njia ipi? Kwa njia ya jumuiya. Na hapo ndipo penye hatari.

Leo mtu akitaka mtoto wake abatizwe, au akitaka kufunga ndoa, huulizwa barua ya jumuiya. Msiba ukitokea, swali la kwanza huwa ni hilo hilo: marehemu alikuwa jumuiya gani, alikuwa anashiriki? Nakubali kwamba utaratibu huu una sababu. Padre mwenye waumini maelfu hawezi kumthibitisha mtu asiyemjua, na si haki mtu akae miaka ishirini bila kumtazama mwenzake kisha siku ya msiba adai kuzikwa kwa heshima zote. Jumuiya bila utaratibu itavunjika.

Lakini tujiulize ni nani wasioonekana Jumamosi alfajiri. Mlinzi ndiyo kwanza anatoka lindoni. Mama ntilie yuko mbele ya moto tangu saa kumi. Kondakta yuko mlangoni mwa daladala. Dada wa kazi hana ruhusa ya kutoka. Hawa ndio maskini wa parokia, na ndio ambao daftari la mahudhurio huwaandika kuwa watoro. Ongeza juu yake zaka, mchango wa ujenzi, mchango wa kutegemeza jimbo na mchango wa sherehe ya somo wa jumuiya. Asiye nacho huona aibu, akikosa mara mbili ya tatu haji tena, na lile swali zuri la kale, nani hatumwoni, linageuka taratibu na kuwa nani hajalipa. Siku jumuiya itakapokuwa dirisha la stakabadhi, itakuwa imerudi kule kule kwenye kasoro ya chama cha kabila, yaani kumzika aliyechanga na kumwacha aliye karibu.

Kwa maoni yangu majuma haya ya kabla ya majivu ndiyo wakati wa kulitazama daftari upya. Viongozi walipitie jina kwa jina, si kwa kudai, bali kwa kwenda mlangoni kuuliza hali. Jumuiya yenye walinzi na wachuuzi wengi ijaribu saa nyingine, hata Jumapili jioni. Kila mtu aliyetoa kadi ya harusi ajipime: je, mgonjwa wa mtaa huu nimempa hata robo ya kile nilichotoa ukumbini? Na wale walionuniana kwa ajili ya mpaka wa kiwanja, maji ya bomba au ugomvi wa watoto wapatane sasa. Injili yenyewe inamtaka mwenye sadaka aiache mbele ya altare, aende kwanza kwa ndugu yake, na haikusema ndugu huyo awe wa dini gani.

Wahenga walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Parokia za pembezoni mwa Dar es Salaam zilijengwa juu ya neno hilo kabla hazijajengwa kwa matofali. Majengo tunaweza kuyarithisha watoto wetu kwa hati. Ujirani kila kizazi huutengeneza chenyewe, na mwaka huu ni zamu yetu.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.